Kabla Hujafika kwenye Mawe

Rahaleo, Mtwara
Alasiri, siku moja kabla hujavuka

Mwanangu Hamisi,

Najua umeshaanza kucheka. Umeliona hilo neno hapo juu na sasa unaangalia huku na huku unatafuta wa kumsomea. Cheka, ukimaliza rudi hapa. Nimekuzidi mwaka mmoja na miezi michache, nawe umenizidi urefu tangu darasa la sita, lakini mama yako ni dada yangu, na kwetu hilo linatosha.

Jana dada alinipigia kutoka Lindi. Alitaka kuja mwenyewe kukuaga, ila mdogo wako ana homa. Akaniambia, "Mpe mtoto maneno. Asiondoke hivi hivi. Wewe ndiye mama yake aliye karibu." Nikamwambia maneno sina. Akasema, "Ya kusema huna. Ya kuandika unayo tele, sikujui?"

Basi naandika. Wewe uko kwa kinyozi, na kwa jinsi unavyosalimia kila mlango nina hakika nina muda wa kutosha. Nikimaliza nitaikunja barua hii niisokomeze ndani ya kiatu chako kipya cha kulia. Najua utavijaribu tena leo kabla ya kulala, ni mara ya nne sasa.

Habari za soksi, dawa ya mbu na maji ya kunywa sitaandika. Kaka Linus, kiongozi wenu wa safari, atawasomea hayo mpaka mchoke. Mimi nina jambo moja, nalo ni baya kidogo. Nitalizunguka kwanza maana nikilianza moja kwa moja nitachana karatasi. Nimeshachana mbili.

Wewe Njia ya Pwani umeiona ofisini kwa kampuni ya kina Linus tu, mstari mwekundu kwenye ramani kutoka Mikindani mpaka mdomo wa Ruvuma, siku sita kwa miguu. Mimi mwaka jana niliipita mara tisa, nikiwatafsiria wageni, kwa hiyo naweza kukuambia: huo mstari utautafuta usiuone. Sehemu kubwa ni mchanga, na maji yanaufuta mara mbili kwa siku. Kila asubuhi unakuta hakuna aliyewahi kupita. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya tatu nikaanza kuamka kabla ya wengine ili miguu yangu iwe ya kwanza. Nilikuwa naona aibu kwa furaha yangu, nikijifanya nimeamka kuchemsha chai.

Utaona mambo. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali, bahari inaacha majani yake nje, kijani kitupu, na ndege wanatembea humo kama wakaguzi. Utapita mikokoni ambako matope yanakuvuta kiatu na kaa wanakunyanyulia gando moja. Utafika Msimbati, mchanga mgumu mpaka magari yanapita juu yake, na mgeni mmoja mzee alivua viatu pale akatembea kimya saa nzima, halafu akaniambia kwamba hajui atawaelezeaje watoto wake. Na siku ya mwisho utaona maji ya Ruvuma yakiingia baharini, rangi ya chai ya maziwa, na nyayo za kiboko juu ya mchanga wa pwani, pana kama sahani. Ng'ambo ni nchi ya watu wengine na mikoko ni ile ile. Hapo mdomoni mwa mto, upande wetu, ndipo utakapoishi kambini mpaka mvua zirudi. Nakuonea wivu, nimekiri.

Kaka Linus nampenda kwa jambo moja. Ni mtu wa Njombe, kazaliwa kwenye baridi, kuogelea hajui mpaka leo, akivuka kijito anashika kofia utadhani ndiyo itakayomwokoa. Lakini kila kijiji anachofika anakaa chini na kuuliza: maji yanajaa saa ngapi, hapa panapitika, pale ni pa nani. Haoni haya kuuliza. Ndiyo maana nasema nilimdanganya mtu ambaye hakustahili.

Haya, nimefika.

Unakumbuka uliposikia kwamba nimeacha kazi kwa sababu ya mguu? Ulinicheka wiki nzima, ukawa unanipokea ndoo mlangoni, "Pole bibi, mguu unasemaje leo?" Mguu haukuwa na kitu. Hata siku moja haukuuma.

Mtakapovuka kwenda Msanga Mkuu na kuanza kushika pwani, siku ya pili mtafika mahali ambapo mawe meusi yameingia mpaka majini kama ukuta uliobomoka. Nyuma ya mawe hayo wanawake wa kijiji cha jirani wanatanda. Umewahi kuona wakitanda? Mwanamke anafungua kanga yake ya kiunoni, anashika pembe mbili, mwenzake anashika pembe mbili, wanaikokota kwenye maji ya mapajani, uduvi na dagaa wanajaa humo. Wao wanabaki na gagulo na blauzi, vyote vimelowa vimewaganda. Hawaoni tabu, kwa sababu mawe yanawaziba na kwa sababu kila mtu wa pwani ile anajua la kufanya. Ukifika upande huu wa mawe unasimama, unaita kwa nguvu, "Hodi wenyewe!" Wakiitika "Piteni," unapita. Wakiitika "Bado," unakaa kwenye kivuli cha jiwe ungoje wajifunge. Hakuna kibao wala kamba. Ni hiyo sauti tu.

Mara nane tulizopita pale aliita Kaka Linus. Ana sauti mbaya, ya kukwaruza, na wanawake walikuwa wanaiigiza. Tukipita walikuwa wameshajifunga, wanacheka, na mkubwa wao, Bi Somoe, anatuonyesha walichopata. Ukikuta ndoo yake imejaa, anaiinamisha kidogo ili uone mpaka chini. Halafu tulikuwa tunapanda nao kijijini, wanatupikia chakula cha mchana, wali wa nazi na pweza. Wageni walikuwa wanasahau mandhari yote wanauliza habari za Bi Somoe. Sijaona mwanamke anayetembea juu ya miamba pekupeku namna ile, haangalii chini, anaongea tu.

Mara ya tisa mgeni mmoja alikuwa na malengelenge, Kaka Linus akabaki nyuma kumfunga kitambaa. Akaniambia, "Tangulia na hawa watatu. Ukifika kwenye mawe, ita." Nikasema sawa.

Nikafika. Nikasimama. Nikafungua mdomo, Hamisi, na sauti haikutoka.

Wewe hili hutalielewa kirahisi. Wewe ukipita sokoni mpaka wauza nyanya wa mwisho wanajua umefika. Mimi ninapotakiwa kupaza sauti, nawaza: itatoka nyembamba, itakatika, wataniiga kama wanavyomwiga Linus, na wao wananijua, wamemjua bibi yangu. Na cha ajabu ni hiki. Kijana mmoja katika wale wageni, mwenye kamera kubwa shingoni, akaniuliza kwa Kiingereza kama tumepotea. Nikamjibu vizuri kabisa, sentensi imekamilika, kwamba hatujapotea, njia ni hii. Kiingereza kilitoka bila shida. Kwa Kiingereza sikuwa mimi, nilikuwa kama mtu aliyevaa nguo za kuazima, hata zikichafuka si zake. Neno moja la kwetu ndilo lililonishinda.

Tukazunguka mawe.

Walikuwa kumi na kitu. Walituona wote kwa pamoja. Waliziachia kanga, wakachutama, maji yakawafika shingoni. Walichokuwa wamekitanda tangu alfajiri kikatawanyika. Kanga moja, mpya, ya binti aliyeolewa mwezi ule, ikachukuliwa na mkondo ikawa inakwenda polepole, na hakuna aliyeweza kusimama kuifuata kwa sababu sisi tulikuwa tumesimama. Yule kijana akainua kamera. Sidhani alikuwa na nia mbaya, alikuwa anainua kamera kwa kila kitu. Donge la tope likaja likampata kifuani, la pili likampata usoni.

Bi Somoe hakurusha tope. Alikuwa ndani ya maji mpaka kidevuni, kilemba chake hata hakijalegea, akaniangalia mimi peke yangu. Akauliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Alikuwa ananijua. Alikuwa ananipa mahali pa kuanzia. Ningetaja jina la bibi, ningepiga goti pale pale kwenye mchanga, ningewageuza wageni wakaangalia upande wa pili, na yote yangekwisha kwa matusi mawili matatu na kicheko. Badala yake niliangalia miguu yangu. Niliiangalia mpaka Kaka Linus akatokea, akawarudisha wageni nyuma ya mawe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliita?"

Nikasema, "Niliita. Hawakuitika."

Ni hayo tu. Maneno mawili, nikayasema kwa sauti safi isiyokatika.

Linus aliniamini, kwa nini asiniamini? Alikwenda kijijini jioni ile kuuliza kwa nini hawakuitika, nao wakaona wanatukanwa mara ya pili, wakamfungia mlango. Akaandika taarifa kwa wakubwa wake. Njia ikahamishwa. Sasa ukifika pale unakata juu, unapita mikoroshoni saa mbili kwenye mchanga wa moto, pwani nzuri kuliko zote unaiacha kushoto kwako huioni. Chakula cha mchana kikapelekwa kijiji kingine. Na wale wanawake wakabaki na jina kwamba ni wakali, wanarushia wageni tope. Nimesikia dereva wa bajaji hapa mjini akiusimulia mkasa huo kwa abiria wake, na abiria nilikuwa mimi. Nikalipa nikashuka kabla sijafika.

Nilidhani ukikaa kimya kitu kinapungua. Nilikuwa na mazoea hayo zamani. Unakumbuka sekondari, mimi kidato cha pili, wewe ndiyo kwanza umeingia, ukasimama katikati ya uwanja mbele ya shule nzima ukaita, "Mama! Naomba kalamu!" Wenzangu wakaniuliza yule nani. Nikasema ni mtoto wa jirani, ana matatizo kidogo. Ulikuja kujua. Nilingoja uniletee ugomvi, na wewe kesho yake ukapita mbele ya dirisha la darasa letu ukainama kwa adabu zote, "Shikamoo jirani." Ukaendelea hivyo muhula mzima. Hujui nilivyokuwa nakuheshimu huku nataka ardhi inimeze. Mimi nikiumizwa najificha. Wewe ukiumizwa unatafuta namna ya kumfanya mtu acheke ili arudi. Sijui ulijifunzia wapi, kwangu siyo.

Bi Somoe nilikutana naye mara moja tu tangu siku ile, sokoni, kwenye dagaa wakavu. Nilimwona kwanza, nikajibanza nyuma ya magunia. Akasema bila kugeuka, kwa ile sauti inayopita juu ya mawimbi, "Huyo nyuma ya gunia mguu wake umepona? Maana naona amekimbia vizuri." Soko lote likacheka. Kumbe hata uwongo wa mguu ulikuwa umeshamfikia. Alikuwa amenifungulia mlango mara ya pili, na mimi nikatoka kwa mlango mwingine wa soko. Kitunguu nilichokuwa nimetumwa sikukinunua.

Ningeweza kuendelea hivyo miaka. Sasa wamekuchagua wewe kuita.

Wiki iliyopita ulirudi mbio kutoka ofisini kwao, umeshika shati la kazi mkononi, unasema wanataka kuirudisha njia pwani msimu huu, na kwamba Kaka Linus amesema tatizo la pale kwenye mawe ni sauti: binti wa mwaka jana aliita hakusikika, wanawake wale wagumu wa kuitika, inatakiwa sauti kubwa. Ulisema hivyo umesimama hapa uani. "Binti wa mwaka jana" alikuwa anapepeta mchele mbele yako. Halafu ukaanza mazoezi. Ukaita "Hodi" mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Ukaniambia, "Nitawaitia hao bibi zako mpaka samaki waitike. Wasiponiitika napita hivyo hivyo, kazi ni kazi."

Hapo ndipo nilipouweka ungo chini.

Maana najua utakachokikuta. Utasimama kwenye mawe, utapiga ile sauti yako, ukiamini unaongea na watu wenye kiburi. Wao watasikia mtu wa kampuni ile ile anawafokea kama viziwi kwa kosa ambalo hawakulifanya. Watanyamaza, na watakuwa na haki ya kunyamaza. Utahesabu mpaka kumi utazunguka mawe. Na baada ya hapo hakuna mtu atakayepita pwani ile tena, na jina litakalobaki safari hii litakuwa lako. Umesubiri kazi hii tangu ulipomaliza kidato cha nne. Ulikuwa unanisindikiza mpaka kivukoni kila nilipoondoka, unanibebea begi, unauliza maswali mpaka boti inang'oa. Kila nilichokueleza kuhusu njia ile kilikuwa kweli isipokuwa hicho kimoja, na hicho kimoja ndicho ambacho ungekikanyaga.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda kuchukua kitambulisho, nimemwandikia Kaka Linus. Kupiga nilijaribu, nikakata ilipoita mara ya kwanza. Nikaandika ujumbe mrefu, wote, na kanga ya yule binti nikaitaja. Alama za kuonyesha amesoma zikatokea. Nikangoja. Nimepika, nimefua, nimefagia mahali palipokwisha fagiliwa. Mchana jibu likaja: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda kuwatukana." Nikaandika ndiyo. Kisha, "Hamisi anajua?" Nikaandika atajua leo. Kisha, "Na wao nani atawaambia?"

Hapo nilizunguka nyumba mara mbili, Hamisi. Unajua nilitaka kuandika jina la nani. Jina lako lilikuwa limeshajaa kidoleni. Ungekubali, ungekwenda ungewachekesha, ungelimaliza kwa dakika tano, na mimi ningebaki hapa Rahaleo nikijiambia kwamba nimekulea vizuri.

Nikaandika, "Mimi."

Akajibu kwamba boti ya kwanza ni saa kumi na mbili, na kwamba wiki hii mnakwenda kufungua njia tu, wageni hakuna, nafasi ya mtu mmoja ipo. Akaongeza, "Njoo na viatu vizuri, huo mguu tusije tukausikia tena." Nadhani huo ulikuwa utani. Kwa Linus huwezi kujua.

Kwa hiyo kesho hutaniaga kivukoni. Nitavuka na wewe, nitalala mnapolala, na keshokutwa maji yakipwa tutafika wote kwenye mawe. Nakuomba mambo machache, ni maombi, siyo amri, ingawa leo ningeweza kukuamuru na dada angeniunga mkono. Ubaki nyuma na Linus. Usiite. Nitaita mimi. Itachukua muda, huenda nikasimama pale mpaka utataka kunisukuma, huenda ikatoka nyembamba, na wakianza kuiiga usiwakatize, waache waiige mpaka washibe. Nimenunua kanga, doti mbili, moja ya yule binti na moja sijui ya nani, Bi Somoe ataamua. Sizipeleki kama malipo. Siwezi tu kufika mikono mitupu.

Ukianza kuona hasira unapoisoma hii, iache ije. Umenibebea begi mara tisa kwa mtu uliyemwona hodari. Najua unavyonitaja kwa wenzako, nimekusikia ukiwaambia mama yako mdogo alikuwa anawapeleka wazungu mpaka mdomo wa mto na hakuwahi kupotea. Nililipenda sana hilo kulisikia, ndiyo maana nilichelewa kukuambia. Ukitaka kesho kwenye boti ukae upande wa pili na usiseme nami, kaa. Nitakuwa nakuangalia tu nywele zilivyokupendeza.

Na wakiitika "Bado," tutangoja, hata maji yakianza kujaa. Wakinyamaza kabisa, basi tutapanda juu tukapite mikoroshoni kwenye jua, na njia itabaki huko mpaka wao wenyewe watakapoamua. Utawaongoza wageni wako kwa huko msimu mzima. Wapo watakaochoka, watatoa jasho, watasikia bahari iko karibu na watakuuliza kwa nini hawapiti kule chini. Usiwaambie habari za wanawake wakali. Waambie kuna msichana alipita pale bila kuita, kisha akadanganya. Wakikuuliza msichana gani, litaje jina langu, kwa ile sauti yako kubwa.

Ni mimi, niliyekuzaa kwa upande wa udogo,
Mama yako Shamsa